Uzi wa Kuunga Viraka na Uzi wa Kushona Matabaka: Mwongozo Kamili kwa Mshona Kwilti wa Cherehani

Mtu anaweza kushinda siku nzima akilinganisha vitambaa vya kwilti rangi kwa rangi, kisha akaketi kwenye cherehani na kutunga uzi wowote uliokuwa karibu. Madhara yake huonekana baadaye. Pembe za viraka hazikutani, mshono unavimba hata baada ya kupigwa pasi, upande wa chini unajaa vitanzi, au miaka michache baadaye blanketi linaanza kufumuka mstari baada ya mstari ilhali kitambaa chenyewe bado kizima. Lawama hutupiwa cherehani. Mara nyingi kosa liko kwenye uzi.

Kwilti ina matabaka matatu: uso wa viraka, pamba ya katikati na kitambaa cha mgongo. Uzi huingia mara mbili. Kwanza unaunga kiraka na kiraka mpaka uso ukamilike, kisha unapita matabaka yote matatu na kuyashika pamoja. Kazi ya kwanza inataka uzi usiochukua nafasi wala kuonekana. Ya pili inataka uzi unaostahimili kuvutwa, kusuguliwa na kufuliwa, tena mbele ya macho ya kila anayelitazama blanketi. Kwa hiyo anayeuliza "uzi mzuri ni upi?" aulizwe kwanza: wa kazi ipi?

Hatua ya 1: Soma namba, lakini usiitegemee peke yake

Namba inayoonekana zaidi kwenye rola ni ya uzito: 100, 60, 50, 40, 30, 12, mara nyingi ikifuatwa na herufi wt. Namba ikipanda, uzi unakuwa mwembamba. Katika hesabu ya kimetriki, namba hiyo ni idadi ya kilomita za uzi zinazotimiza kilo moja. Uzi wa 50 unahitaji kilomita 50 ili ufike kilo; wa 30 unafika kilo hiyo kwa kilomita 30 tu, maana ni mnene zaidi.

Rola nyingine zimeandikwa Tex, yaani uzito kwa gramu wa mita 1,000 za uzi, au denier, yaani gramu za mita 9,000. Hizi mbili zinakwenda kinyume na wt: zikipanda, uzi unanenepa. Kugeuza si kazi. Gawa 1,000 kwa namba ya wt, upate Tex. Zidisha Tex kwa 9, upate denier. Uzi wa 50 ni Tex 20 na denier 180. Wa 40 ni Tex 25 na denier 225. Wa 30 ni Tex 33 hivi.

Sasa tazama kama kuna mkwaju kwenye namba: 50/2, 50/3, 40/2. Namba ya pili inaeleza ni nyuzi ndogo ngapi zilizosokotwa pamoja kufanya uzi mmoja. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa sababu viwanda havitumii hesabu moja. Katika hesabu ya zamani ya pamba, ile ya Ne, namba ya kwanza inapima kila uzi mdogo peke yake. Kwa hiyo 40/2 ya hesabu hiyo, kama zilivyo koni nyingi za poliesta za mafundi, inafikia karibu Tex 30, ilhali 40 wt ni Tex 25. Na koni iliyoandikwa Tkt 120, yaani namba ya tiketi, hesabu nyingine ya viwandani, huangukia karibu na Tex 25 hadi 27. Marola mawili yaliyoandikwa 50, moja la nyuzi mbili na jingine la nyuzi tatu, yanaweza kutofautiana unene kiasi cha kuharibu vipimo vya kwilti nzima.

Penye Tex, linganisha kwa Tex, kwa kuwa kipimo hicho kinapima uzi mzima kama ulivyo. Pasipo na Tex, tumia vidole. Kata kipande cha uzi unaoujua na kipande cha uzi mgeni. Kunja kila kimoja kiwe kitanzi, vipitishe vitanzi kimoja ndani ya kingine vishikane, kisha vuta na usokote pande zote mbili mpaka vionekane kama uzi mmoja mrefu. Pitisha ukucha taratibu kutoka upande mmoja hadi wa pili. Ukikwama pale vinapokutana, nyuzi hizo si sawa, na upande unaohisi kupanda ndio mnene. Mimi nauamini ukucha kuliko karatasi ya kiwandani.

Hatua ya 2: Jua uzi umetengenezwa kwa nini

Pamba ndiyo chaguo la kwanza la wengi wanaoshona kwilti za pamba, na sababu zao ni nzuri. Hainyumbuki sana, kwa hiyo mshono hautajivuta ukishauondoa kwenye cherehani. Inavumilia pasi ya moto. Inalala ndani ya kitambaa badala ya kukaa juu yake. Lakini pamba zinatofautiana sana. Ile ya nyuzi asilia ndefu huzaa uzi laini na imara, kwa sababu ncha zinazojitokeza ni chache. Ile ya nyuzi fupi hutoa manyoya mengi, na manyoya hayo ndiyo vumbi la kijivu unalolikuta chini ya bamba la cherehani. Ukiona neno merserizesheni au "mercerized" kwenye rola, maana yake uzi umepitishwa kwenye magadi makali ili ung'ae, ushike rangi na uongezeke nguvu. Njia hiyo ilitokana na John Mercer wa Uingereza, aliyeipatia hataza mwaka 1850. Uzi uliopitishwa haraka kwenye moto ili manyoya yaungue huwa safi zaidi.

Poliesta ina nguvu kubwa kwa unene mdogo, haiozi kwa unyevu, na hutoa vumbi kidogo. Ina sura tatu muhimu. Ya kwanza imesokotwa kwa vipande vifupi ili ifanane na pamba. Ni ya bei nafuu, nayo ina manyoya. Ya pili ni ya nyuzi ndefu zisizokatika, laini kama kioo, na ndiyo inayopatikana nyembamba sana kwa ajili ya bobini, kile kirola kidogo kinachobeba uzi wa chini wa cherehani. Ya tatu inang'aa kwa sababu nyuzi zake zina pande tatu zinazorudisha mwanga; hiyo hupendwa kwa mapambo. Poliesta hunyumbuka. Ukiijaza kwenye bobini kwa kasi inavutika, kisha baada ya kushonwa inarudi kwenye urefu wake na kukunja kitambaa. Ijaze bobini taratibu.

Kuna mabishano ya muda mrefu kwamba poliesta hukata kitambaa cha pamba. Msimamo wangu ni huu: kinachostahili kuogopwa ni uzi wenye nguvu kupita kitambaa chake. Blanketi likivutwa kwa nguvu, kitu fulani lazima kiachie. Mshono ukiachia, utaushona upya kwa dakika chache. Kitambaa kikichanika pembeni mwa mshono, una kidonda kisichopona vizuri. Kwa kitambaa cha pamba cha kawaida, uzi mwembamba wa poliesta haunitishi. Uzi mnene wa kushonea mikoba na jinzi siutaki hata karibu ya kwilti.

Nyuzi angavu zisizo na rangi hupatikana za nailoni na za poliesta. Chukua za poliesta. Nailoni ya aina ya 6 huyeyuka kwenye joto la karibu sentigredi 220, poliesta karibu 255 hadi 260, na pasi ya pamba huweza kukaribia kile kiwango cha kwanza. Zaidi ya hayo, nailoni hugeuka manjano na kukauka ikawa dhaifu kadiri miaka inavyopita.

Reyoni, uzi wa kung'aa unaotengenezwa kwa massa ya mbao, ni nzuri machoni, lakini hupoteza nguvu ikilowa, kwa hiyo ifae kwa pambo la ukutani na si kwa blanketi la mtoto linalofuliwa kila wiki. Na uzi wa pamba uliopakwa nta au wanga kwa ajili ya kushona kwa mkono usiuingize kabisa kwenye cherehani. Ule upako hubanduka na kunata kwenye zile sahani ndogo zinazobana uzi, na baada ya hapo hakuna uzi utakaopita sawasawa mpaka uzisafishe.

Hatua ya 3: Ukague uzi wenyewe

Vuta kama nusu mita, uishike mbele ya kitambaa cheusi ukielekea dirishani. Tazama unene wake kutoka mwanzo hadi mwisho. Uzi mzuri ni sawa mwili mzima. Wenye vinundu na sehemu zilizokonda utakatikia kwenye tundu la sindano kila kinundu kinapofika. Tazama na manyoya: machache hayana neno kwa pamba, lakini ukiona umezungukwa na ukungu, jua unanunua vumbi.

Kisha uvute ukatike. Uzi mzima hukatika kwa mlio mkavu na kukupa upinzani kwanza. Uliozeeka huachia kimya, bila vidole kuhisi upinzani wowote. Pamba iliyokaa miaka juani au kwenye joto hufikia hali hiyo ingawa rangi yake bado inapendeza, na kwilti iliyoungwa kwa uzi kama huo haitavuka kufuliwa mara chache.

Angalia pia upande uliosokotewa. Shika uzi wima, utazame kwa karibu. Mistari ya msokoto ikielekea kama kile kipande cha katikati cha herufi Z, huo ni wa cherehani. Ikielekea kama cha herufi S, cherehani yenye mshono wa kufungana, yaani ule ambao uzi wa juu na wa chini hufungana, itaufungua msokoto polepole unaposhona, na uzi utachambuka mbele ya sindano.

Kama rola halina maandishi, choma ncha ya sentimita chache juu ya sahani ya bati, ukiushika kwa kibano. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, na majivu yake yanasagika vidoleni yakipoa. Poliesta inajikunja, inayeyuka na kuacha kitone kigumu.

Nyekundu, bluu nzito na nyeusi zipimwe kama zinachuja. Lowesha kipande cha kitambaa cheupe kwa maji ya moto, ukunje uzi ndani yake, ukipige pasi mpaka kikauke. Doa lolote likibaki kwenye cheupe, uzi huo usikaribie kwilti yenye viraka vyeupe.

Hatua ya 4: Chagua uzi wa kuunga viraka

Hapa unataka pamba ya 50 ya nyuzi mbili, au ya 60. Poliesta nyembamba yenye unene wa karibu hivyo, Tex 16 hadi 20, inafanya kazi hiyo pia. Sababu ya kung'ang'ania wembamba ni hesabu. Unapokifungua kiraka na kukilaza kwa pasi, kitambaa kinalazimika kuuzunguka uzi kabla ya kugeuka. Mzunguko huo hula sehemu ya kiraka. Uzi mnene unakula zaidi. Tuseme kila mshono unapoteza nusu milimita: uso wenye mishono 30 kutoka ukingo mmoja hadi mwingine utakuwa mfupi kwa milimita 15, na safu yenye viraka vikubwa vichache haitalingana kamwe na safu yenye viraka vidogo vingi.

Usikisie, pima. Kata vipande vitatu vya upana wa inchi 2.5. Viunge ubavu kwa ubavu kwa uzi uliouchagua, ukiacha robo inchi ya ukingo. Piga pasi kwanza juu ya mshono ukiwa umefungwa, kisha fungua na ulaze. Upana wa vyote vitatu sasa uwe inchi 6.5 kamili, na kile cha katikati kiwe inchi 2. Ukipata pungufu, sogeza kitambaa upunguze ukingo kwa unywele mmoja, urudie. Ukibadilisha uzi katikati ya kazi, hata kama namba ni ileile, rudia kipimo hiki. Ni dakika tano zinazookoa siku nzima ya kufumua.

Urefu wa mshono uwe milimita 2 hadi 2.5. Kwenye kuunga viraka watu hukata mshono njiani wanapopunguza vipande, bila kuufungia mwisho, kwa hiyo mishono mifupi ndiyo inayozuia ncha zisifunguke. Chini ya milimita 1.8 sikushauri, maana kufumua kutakuwa mateso na kitambaa kitajaa matundu.

Kuhusu rangi, wanaoanza hujisumbua bure wakinunua uzi wa kila kiraka. Kijivu cha kati kinatosha kwa karibu kila kitu. Kwa viraka vyepesi kama nyeupe na rangi ya maziwa, chukua rangi ya mchanga au nyeupe chafu. Kwa vyeusi na bluu ya usiku, kijivu kizito. Hatari ni uzi mweusi chini ya kitambaa cheupe chepesi, kwani utaonekana kama mstari wa penseli upande wa juu. Kama unalaza ukingo wa mshono pande zote mbili badala ya upande mmoja, uzi unaweza kuchungulia katikati, kwa hiyo hapo ongeza uangalifu wa rangi na ufupishe mshono kidogo.

Bobini ijazwe uzi uleule wa juu. Katika kuunga viraka sioni sababu ya kuchanganya.

Hatua ya 5: Chagua uzi wa kushona matabaka

Kabla ya kugusa rola lolote, amua jambo moja: mishono hii ionekane au ijifiche? Kila uamuzi mwingine unatoka hapo.

Ukitaka viraka ndivyo viseme, na mishono ishike tu, rudi kwenye pamba ya 50 au poliesta ya 60 yenye rangi inayokaribiana na kitambaa. Kinachobaki kuonekana ni kivuli cha bonde lililoachwa na mshono. Wembamba huu unafaa sana pale mistari inaposhonwa karibu karibu, kila sentimita moja au chini ya hapo, kwa sababu uzi mnene uliorundikana hulifanya blanketi kuwa gumu kama mkeka. Unafaa pia kwa maua na mizunguko inayorudi juu ya mstari uliokwisha kushonwa. Ukirudia mstari kwa uzi wa 30 utapata kovu.

Ukitaka mishono ionekane kwa kiasi, 40 ndiyo kati na kati, na kama ningeambiwa niweke uzi mmoja tu wa kushona matabaka, ningeweka pamba ya 40. Inaonekana bila kupiga kelele, na ina nguvu ya kutosha kwa blanketi la kila siku.

Wa 30 na 28 ni wa mistari inayotakiwa kusimama yenyewe. Wa 12 ni mnene kiasi cha kufanana na ushonaji wa mkono. Ushone kwa mstari ulionyooka, mshono wa milimita 3.5 hadi 4, na chini uweke uzi wa 50. Usiujaze kwenye bobini.

Fikiria na maisha ya blanketi lenyewe. La mtoto, la kufuliwa mara kwa mara kwa mashine, linataka poliesta au pamba imara ya 40, na mistari isiyoachana sana ili kila mshono ubebe mzigo mdogo. La kutandikwa sebuleni na kuguswa mara chache linaruhusu uzi wowote unaoupenda moyo wako.

Rangi ya uzi huu isichaguliwe kwa kuliweka rola zima juu ya kitambaa. Rola limebeba mamia ya mizunguko juu ya mizunguko, ndiyo maana linaonekana zito kuliko uzi mmoja utakavyoonekana. Fungua nusu mita, uitupe ovyo juu ya uso wa kwilti, urudi nyuma hatua mbili, utazame. Fanya hivyo juu ya viraka vyeupe na juu ya vyeusi, kwa sababu uzi mmoja utapita juu ya vyote. Ukiyumba kati ya rangi mbili, mara nyingi iliyo nyepesi kidogo huzama kwenye kitambaa kwa urahisi zaidi. Uzi wenye rangi zinazobadilika huvutia kwenye kitambaa cha rangi moja, lakini juu ya viraka vya maua hupotea hapa na kuibuka pale, na jicho halipati pa kutulia.

Uzi wa chini uwe na rangi iliyo karibu na wa juu, hata kama mgongo ni wa rangi nyingine. Nyuzi hizi mbili hufungana katikati ya pamba, na palipo na kona kali au pamba nyembamba, kifundo husogea upande mmoja. Rangi zikitofautiana sana, utaona safu ya vitone ambayo hakuna tensheni, yaani mkazo wa uzi, itakayoiondoa kabisa. Kwa unene, wa chini uwe sawa na wa juu au mwembamba zaidi. Bobini yenye uzi mwembamba wa 60 inabeba urefu mkubwa zaidi, na hiyo ni neema kwa anayeshona blanketi kubwa.

Hatua ya 6: Oanisha sindano na uzi

Sindano hutoboa njia ya uzi. Ikiwa nyembamba mno, uzi unasuguliwa ukipita mpaka unachambuka. Ikiwa nene mno, inaacha matundu makubwa kuliko uzi unaoyajaza. Namba kama 80/12 ina vipimo viwili: 80 ni unene wa milimita 0.8, na 12 ni saizi hiyohiyo katika mfumo wa Kimarekani. Anzia hapa:

- Uzi wa 60 hadi 100: sindano 70/10
- Uzi wa 50: sindano 80/12
- Uzi wa 40: sindano 90/14
- Uzi wa 30, 28 na 12: sindano 100/16, ikiwezekana yenye tundu refu la mishono ya juu

Kuna jaribio la haraka. Tunga sindano ikiwa nje ya cherehani kwenye uzi wa sentimita 30, shika ncha zote mbili, uinue upande mmoja uzi uwe mshazari. Sindano iteleze yenyewe hadi chini. Ikikwama njiani, panda saizi moja. Ikianguka kama jiwe, shuka moja.

Badilisha sindano baada ya saa nane hivi za kushona, na kila unapoanza kushona matabaka ya kwilti mpya. Pamba ya katikati huichosha ncha kuliko watu wanavyodhani.

Hatua ya 7: Shona sampuli na uweke tensheni

Tengeneza sampuli ya kweli: kipande cha sentimita 30 kwa 30 chenye uso, pamba na mgongo uleule wa kwilti yako. Sampuli ya kitambaa kitupu haikuambii lolote, kwani kifundo kinatakiwa kujificha ndani ya pamba.

Tunga uzi mguu wa cherehani ukiwa juu. Mguu ukiwa chini, zile sahani za kubana uzi zimefunga, na uzi utapita juu yake bila kubanwa. Vitanzi vingi vinavyorundikana upande wa mgongo hutokana na hilo tu.

Angalia pia rola lilivyozungushwa. Uzi uliopangwa mistari sambamba utoke ubavuni, rola likisimama wima na kuzunguka. Uzi uliokatishwa kwa misalaba utoke juu kwenye ncha, rola likiwa limelala au koni ikiwa kwenye kinara chake. Ukigeuza, kila mzunguko unaongeza au kupunguza msokoto, na uzi unaanza kujisokota kabla haujafika kwenye sindano.

Shona mistari iliyonyooka, kisha kona, kisha duara ndogo. Sasa geuza. Uzi wa chini ukijitokeza juu kama vitone, tensheni ya juu imekaza mno: ipunguze kwa nusu namba, ushone tena. Uzi wa juu ukionekana chini, au uzi wa chini ukiwa umelala kama waya ulionyooka upande wa mgongo, kaza tensheni ya juu. Pitisha kidole juu ya mgongo, kwa maana kidole hugundua vifundo ambavyo macho yanavipuuza. Skrubu ya kijumba cha bobini iguswe mwisho kabisa, robo mzunguko kwa wakati mmoja, ukiwa umeweka alama ya kalamu ilipokuwa.

Uzi ukikatika wakati wa majaribio, fuata mpangilio huu: tunga upya, badilisha sindano, punguza tensheni ya juu, punguza mwendo. Ukiendelea kukatika baada ya yote hayo kwenye cherehani iliyosafishwa, uzi huo haufai kwa kazi hii, hata kama ulikuwa ghali.

Kisha fua sampuli na uikaushe kama blanketi litakavyofuliwa. Rangi zikitulia, mistari isipojivuta na pamba isipopenya kwenye matundu ya sindano, umepata uzi wako.

Hatua ya 8: Nunua wa kutosha kwa mara moja

Rangi za uzi hutofautiana kidogo kati ya mkupuo mmoja wa kiwanda na mwingine, kwa hiyo kuishiwa katikati ya blanketi ni balaa linaloepukika. Mshono wa cherehani hula uzi wa juu na wa chini kwa pamoja kiasi cha mara mbili na nusu hadi tatu ya urefu wake.

Chukua kwilti ya sentimita 150 kwa 200, yenye mistari ya msalaba kila baada ya sentimita 5. Kuna mistari 30 ya mita 2, ambayo ni mita 60. Na mistari 40 ya mita 1.5, ambayo ni mita 60 nyingine. Jumla mita 120 za mshono, sawa na mita 300 hadi 360 za uzi, karibu nusu juu na nusu chini. Ukisogeza mistari iwe kila sentimita 2.5, mahitaji yanaongezeka mara mbili. Mapambo ya mizunguko iliyosongamana yanaweza kula mara kadhaa ya hapo, na njia ya kukadiria ni kushona mraba mmoja wa sentimita 25, kuupima uzi uliotumika, na kuzidisha kwa idadi ya miraba.

Uzi unaobaki uhifadhi ndani ya kisanduku chenye kifuniko, mbali na jua na vumbi, ncha zikiwa zimebanwa. Ile sampuli usiitupe. Andika juu yake kwa kalamu isiyofutika jina la uzi, namba yake, saizi ya sindano, urefu wa mshono na namba ya tensheni, uiweke kisandukuni pamoja na uzi wake.